Gari ya Msellem na Bakuli la Tui

Mwaka ule wa hamsini na tisa, watu wa Pemba walikuwa hawapandi gari mpaka wajue mwenyewe ana chama gani. Wa chama hiki hawapandi ya yule, na wa chama kile wako radhi waende Wete kwa miguu kuliko kumpa mpinzani nauli. Gari moja tu ilikuwa imewapatanisha. Pikapu ya Msellem wa Mtambile ilikimbiwa na vyama vyote.

Si kwamba ilikuwa mbovu. Injini yake ilikuwa nzima, breki zilishika, na mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya usumba lakini ulifungika. Kasoro yake ilikuwa moja: ilirusha watu. Ikikanyaga shimo, aliyekaa nyuma huonana na mbingu. Mzee Nyange wa Vitongoji aliipanda siku aliyokuwa akienda kumuozesha mjukuu wake, akauma ulimi njiani, akaozesha kwa kitata, na mpaka leo wapo wanaouliza kama ndoa ile ilisihi.

"Gari hino ya karafuu," Msellem alikuwa akijibu kila aliposemwa. "Mwataka starehe, pandeni vitanda."

Alisema hivyo huku akicheka, kwa sababu lilikuwa halijamfika. Lilimfika Jumatatu moja asubuhi, uani kwa mkwe wake, Vitongoji.

Walikuwa wamekwenda, yeye na mkewe Time, kumchukua binti yao Moza. Moza alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi; hilo halikuwa jambo la kukaliwa kikao Pemba nzima. Time alikwisha kutandika kitanda, alikwisha kuzungumza na mkunga, na, baya zaidi, alikwisha kuwaambia majirani.

Bi Khairiya, mama wa mume wa Moza, aliwapokea vizuri. Aliwapa chai na mkate wa kumimina, akauliza hali za watu wote wa Mtambile na za ng'ombe wao. Mwanawe Abrahman, mume wa Moza, alikuwa akifanya kazi bandarini Tanga na alirudi Idi kwa Idi, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili. Vikombe vilipokauka, Bi Khairiya alivikusanya, akasema bila ya kuinua macho:

"Moza hendi."

Time aliweka kipande chake cha mkate chini. "Hendi wapi, mkwe wangu?"

"Kwao enda, ni haki yake. Lakini hapandi dude lile." Akaelekeza kidevu barabarani. "Bwana Msellem, miye nakuheshimu sana. Lakini gari yako nimeiona ikija. Buibui la mkeo limefika mbele, mwenyewe kafuata nyuma."

"Nitakwenda polepole, mkwe wangu," alisema Msellem.

"Hata ikisimama yatikisika. Na ntu ana mimba ya kwanza! Basi na azae hapano. Mkunga yupo, nyumba ipo, na miye nipo."

"Lakini miye mbona..." alianza Moza, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Nyamaza, mama," walisema mama wote wawili kwa pamoja.

Msellem aliona uso wa mkewe ukibadilika, akajua mambo yameharibika. Gari nyengine mbili za Mtambile zilikuwa za watu wa chama chengine, na hata zingekuwa za ndugu zake, baba mwenye gari akodi gari ya watu kumbebea mwanawe? Bora aiuze yake, avae buibui. Alijikuta ameapa, mbele ya wakwe na mbele ya jirani yao Mzee Nyange aliyekuwa ukumbini akisubiri chai, kwamba ataifanya gari ile itulie mpaka mtu asijue kama anakwenda.

Bi Khairiya alivitua vikombe chini. "Vyema. Nitakaa miye mwenyewe, bakuli la tui pajani, limejaa pomoni. Twende njia panda turudi. Likimwagika, Moza azaa hapano. Lisipomwagika, mchukue mwanao."

"Na miye nitakuwa shahidi," alisema Mzee Nyange. "Lakini chini. Sipandi."

Walipofika nyumbani Time alikitazama kile kitanda alichokitandika, akasema polepole, "Mwanangu akizaa kwa watu, Msellem, nitamkanda nani? Nitakaa hapa nipokee habari barabarani kwa wapita njia?" Msellem alikuwa tayari kwa kelele. Kwa upole ule hakuwa tayari, na usiku kucha ulimkaa kifuani.

*

Fundi Kificho alikuwa na karakana yake ya makuti Chake Chake, na alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuuliza gari ina nini. Alipanda bampa ya mbele kwa mguu mmoja, akaikandamiza, akashuka. Pua ya gari ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Kificho akawasha sigara, akavuta mara mbili. Gari bado ilikuwa inaitikia.

"Lini ulitia shokomzoba?"

"Shokomzoba gani?"

"Ndilo jibu lenyewe."

Aliingia uvunguni, akatoka na kitu kama mkebe mrefu, umeingia kutu, mafuta yake yote yamevuja. "Springi kazi yake kubeba," alisema. "Ikishabeba, hucheza. Hino ndiyo ya kuiambia basi, tulia. Zako zimekufa zamani, hata hitima ishasahauliwa." Kisha akagonga springi za nyuma kwa spana. "Na huku uliongeza majani mawili ya chuma."

"Ya msimu. Nabeba gunia ishirini za karafuu, yakhe."

"Ndiyo maana. Gari hino yajua gunia tu. Ikiwa tupu haina adabu."

Msellem hakulitia akilini hilo, na lau angelitia, angejipunguzia aibu nyingi. Masikio yake yalikuwa kwenye bei. Shokomzoba nne zitoke Unguja kwa meli, na tairi mbili mpya za nyuma, maana zile za zamani zilikuwa na viraka juu ya viraka. Msimu ulikuwa bado, mfuko ulikuwa mkavu. Alitoa ndama.

"Dume au jike?" aliuliza Kificho.

"Jike."

"Basi nitakutilia na tyubu mpya."

Siku ya tisa gari ilikuwa tayari. Kificho alijaza upepo kwa kipimo, akafunga vifuniko, akanyoosha kidole cheusi. "Tairi usiziguse."

"Sizigusi," alisema Msellem, na wakati huo alikuwa anasema kweli.

Aliondoka Chake. Alilijua kila shimo la njia ile kwa jina la mtu lililomuumiza. Alilikanyaga la kwanza. Gari ikainama, ikainuka mara moja, ikanyamaza. Alilikanyaga la pili kwa makusudi. Nyuma palibaki ugumu kidogo wa kugonga, lakini kwa furaha hakuuhesabu. Aliimba kasida mpaka Mtambile.

Sasa, Mtambile palikuwa na ada yake. Gari ikifika dukani kwa Vuai, wanaume waliokaa barazani huinuka mmoja mmoja kuipiga teke tairi. Hakuna ajuaye nani alianza. Ndivyo walivyoangalia gari, kama wengine wanavyomwangalia ng'ombe meno, na tairi inayoumiza kidole ndiyo tairi ya mwanamume.

Vuai mwenyewe alitoka nyuma ya mizani, akapiga teke. Akasita. Akapiga tena.

"Mpya hizi?"

"Jana zimetoka melini."

"Mbona laini?"

Pandu, aliyekuwa hana gari wala baiskeli, alikuja akaipiga naye. "Ala! Kama papai bivu. Yakhe, umelipa ndama mzima, ukapewa nusu upepo?"

"Kificho kasema ndicho kipimo chake."

"Kificho kakuibia," alisema Vuai kwa huruma kubwa, na baraza nzima ikatikisa vichwa.

Msellem alivumilia mpaka sala ya alasiri. Aliposali, aliporudi, walikuwa bado wanazitazama zile tairi kama watu wanaotazama mgonjwa. Akaenda ndani, akatoa bomba, akajaza upepo tairi zote nne mpaka jasho likamtoka kwenye visigino. Vuai akaja akapiga teke, akapiga ukelele, akaruka kwa mguu mmoja mpaka barazani.

"Sasa hiyo tairi!" alisema, ameshika kidole chake. Msellem alijisikia mtu tena.

*

Siku ya mtihani Bi Khairiya alivaa kanga mpya. Tui lilikuwa la kwanza, zito, jeupe, katika bakuli la kauri lenye maua ya buluu, limejaa mpaka linafanya kilima. Time alikaa kati, ili mkwe asigusane bega na Msellem. Bi Khairiya akakaa dirishani, mgongo umenyooka, bakuli pajani, mikono miwili imelikumbatia. Moza alisimama mlangoni. Mzee Nyange alisimama mbali zaidi, nyuma ya mgomba.

"Bismillahi," alisema Msellem, akaondoa gari kwa adabu zote alizokuwa nazo.

Hatua ishirini za mwanzo hazikuwa na neno. Kisha tairi ya nyuma ilikutana na jiwe dogo. Jiwe hilo, siku nyengine, hata kuku asingelijali. Tairi haikukubali kubonyea hata kidogo. Ililigonga, ikalirukia, na tone la kwanza likaenda kwenye kioo.

"Tone moja," alisema Bi Khairiya.

"Inzi huyo, mkwe wangu," alisema Time.

Halafu likaja shimo lililo mbele ya skuli. Msellem alifunga breki, akakunja kulia, akaomba. Mbele kulipita vizuri, shokomzoba zilifanya kazi yake. Nyuma, tupu, na majani yake mawili ya ziada na tairi ngumu za kumridhisha Vuai, kuliinuka kwa pamoja. Bakuli lilibaki mikononi mwa Bi Khairiya. Tui ndilo lililoondoka. Liliinuka kipande kizima, likasita kidogo hewani, likamrudia usoni.

Tui lilimtiririka kwenye nyusi, likaingia masikioni, likachora njia kwenye kanga mpya. Bi Khairiya aliramba mdomo wa juu.

"Tugeuze," alisema.

Walipofika, Mzee Nyange alitoka nyuma ya mgomba, akamtazama, akajua yote. "Pole, mwanangu. Ulimi nzima?"

Bi Khairiya hakugomba. Hata hakucheka. Aliingia ndani na bakuli lake, na kutoka mlangoni akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Basi ndo hivo. Moza azaa hapano." Msellem alitamani ardhi ipasuke, imeze kwanza tairi zile, kisha yeye.

*

Kurudi ilibidi wapitie Pujini. Vuai alikuwa amenunua nazi huko, na alimuomba Msellem amchukulie gunia zake kumi na tano. Wakapakia. Time alikuwa anafuta tui kwenye kiti kwa ncha ya mtandio, hafuti kwa haraka, na macho yake hayakuwa kwenye kiti.

Walipoondoka, Msellem aliona huu ndio wakati wa kusema. Alikohoa.

"Time, mke wangu, kosa langu. Kificho kanambia tairi nsiziguse, nami nikazigusa. Kwa nini? Kwa maneno ya akina Pandu, ntu hana hata punda. Nimetoa ndama tuliyemlea, nimeharibu kanga ya watu, na ntoto wako nimemuacha. Nigombe tu. Nigombe, Time, usinyamaze."

Time alinyamaza. Msellem akasema tena, kwa urefu zaidi, akamkumbusha siku ya harusi yao, akamuahidi ndama mwengine. Kimya. Akageuka kumtazama, roho mkononi.

Time alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mlango wa kamba, mdomo wazi, anakoroma taratibu.

Msellem alisimamisha gari katikati ya njia. Miaka mitano aliyokuwa nayo gari ile, watu walisoma dua ndani yake, walitapika ndani yake, mmoja alimpa mkewe talaka ndani yake. Hajapata mtu kulala.

Kusimama ndiko kulikomwamsha. "Tumefika?"

"Ulikuwa walala."

"Siye miye."

"Ulikoroma."

"Nikorome ndani ya gari hino? Usinizulie, Msellem."

Walitazamana. Kisha, bila ya kuambiana, wote wawili wakageuka nyuma, wakatazama gunia kumi na tano za nazi, zimetulia kama wageni wa heshima. Ndipo maneno ya Kificho yalipomrudia Msellem, moja moja, na safari hii aliyasikia.

Asubuhi ya pili alikuwa karakana. Kificho alizikagua tairi. Alichuchumaa, akatia kijiti kwenye mdomo wa tyubu, upepo ukaanza kutoka, na muda wote ukitoka alikuwa amemkazia Msellem macho. Lilikuwa jambo refu. Barazani kwa Vuai nako hali ilikuwa mbaya: "Tairi imelala hiyo!" alipiga kelele Pandu.

"Na ilale," alijibu Msellem. "Wote tunalala." Kisha akamuomba Vuai gunia zake za nazi kwa siku moja zaidi, na Vuai, ambaye kidole chake kilikuwa bado kimevimba, akampa.

*

Safari ya pili Bi Khairiya alivaa kanga ya zamani. Mengine yote yalikuwa vilevile: bakuli lile lile, Time kati, Moza mlangoni, Mzee Nyange nyuma ya mgomba. Walilipita jiwe, tui likatetemeka ukingoni, likatulia. Walilipita shimo la mbele ya skuli. Gari ikainama, ikainuka mara moja, ikanyamaza. Walifika njia panda, wakageuza, wakarudi.

Mzee Nyange alikuja mwenyewe, akapitisha kidole chini ya miguu ya Bi Khairiya, akakitazama, akakinusa. "Kukavu," alisema, na ilionekana kumuuma.

Watu walikuwa wamekusanyika, na wote walicheka, wakapiga makofi. Time alishuka kama msichana, akaenda kumkumbatia mwanawe. Msellem alisimama kando ya gari yake, mkono juu ya boneti, akisubiri kusifiwa. Alikuwa amesubiri siku hiyo miaka mitano.

"Haya," alisema Bi Khairiya. "Mchukueni."

Akaingia jikoni. Msellem, aliyekuwa anatafuta maji ya kunywa, alimwona kupitia mlango wa uani. Alilimimina tui kwenye kikombe. Akaiondoa sufuria kubwa juu ya mafiga, akaiweka pembeni. Akachukua kisufuria kidogo, kile cha kuchemshia maziwa, akakitazama ndani. Akapima mchele kibaba kimoja, akarudisha nusu kwenye mtungi. Kisha akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini, hafanyi kitu.

Msellem alisahau maji. Ile hofu yote ya gari, lile tui, mtihani mara ya kwanza na ya pili, vilimpitia kichwani, na akaona haya kuliko siku tui lilipomwagika. Mwanamke yule hakuwa na ugomvi na springi. Alikuwa hataki kubaki na kile kisufuria.

Lakini Bi Khairiya hakuwa mtu wa kuombwa "njoo nawe" akakubali. Mkwe haendi kukaa kwa wakwe bila ya sababu. Angekataa kwa heshima, na angekaa na heshima yake peke yake. Msellem alirudi nje. Aliitazama pikapu yake, inang'ara, imesifiwa kwa mara ya kwanza tangu aipate. Moyo ulimuuma kwelikweli. Kisha akapandisha sauti ili wasikie wote mpaka jikoni.

"Jamani, nasitisha safari. Gari hino haifai."

Makofi yalikatika. Time aligeuka, furushi la Moza mkononi. "Haifai vipi? Si tui halijamwagika?"

"Halijamwagika kwa sababu Bi Khairiya alikuwamo!" alisema Msellem. "Nani kapima bila ya yeye? Nazi zatuliza nyuma, mbele hutulizwa na ntu. Na si ntu yeyote. Ntu wa kukaa vile, mgongo wima. Bila ya yeye, gari hino ni ile ile ya zamani. Yarusha. Ni mbovu. Nasema mwenyewe, ni mbovu."

"Kama ni uzito tu," alisema Mzee Nyange kwa ushujaa wa ghafla, "basi miye..."

"Wee mwepesi, mzee."

Time alifungua mdomo kumwambia mumewe kwamba amepandwa na wazimu. Ndipo alipomwona jinsi anavyomtazama, halafu akatazama kule anakotazama, kwenye mlango wa jikoni. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na mbili. Akaufunga mdomo, akaufungua upya.

"Kweli," alisema. "Hata mara ya kwanza, mbele hakukuwa na neno. Miye nitapanda nyuma juu ya nazi, mkwe akae mbele na Moza. Na arobaini ikiisha, nani atatuliza gari wakirudi? Si itabidi akae nasi huko huko?"

Bi Khairiya alikuwa amekwisha kutoka, anafuta mikono kwenye kanga. Aliitazama gari kwa dharau yake yote, kuanzia taa mpaka kamba ya mlango.

"Nilijua tu," alisema. "Tangu siku ya kwanza nilisema, dude lile si gari." Akapumua kama mtu aliyetwikwa mzigo mkubwa. "Haya, ntafanyaje? Si mjukuu wangu huyo? Mzee Nyange, kuku zangu utazitia tunduni kila siku, usisahau. Moza, mwanangu, nisogezee furushi langu."

"Lipi, mama? Ngoja nikufungie."

"Nyuma ya mlango," alisema Bi Khairiya. "Lishafungwa."

Waliondoka Vitongoji jua limepanda, Time juu ya gunia za nazi, amekamata buibui kwa mikono miwili. Kila walipopita watu, Bi Khairiya alitoa kichwa dirishani kuwaeleza kwamba lau si yeye gari hii isingekwenda hata hatua moja.

"Kweli, mkwe wangu," alisema Msellem kila mara, na akayakwepa mashimo yote.